Kutoka Kiungo wa Timu ya Shule hadi Ukocha: Nilivyojifunza Kunyamaza

Mkufunzi alibonyeza kitufe, na darasa zima likaanza kunisikia. "Geuka! Pasi! Rudi! Nyuma yako! Achia! Achia!" Ilikuwa rekodi ya zoezi nililoliongoza siku iliyotangulia, dakika 20 za wachezaji wanne dhidi ya wawili ndani ya mraba mdogo, na katika dakika hizo zote sauti yangu haikupumzika hata mara moja. Wenzangu waliinamia meza zao. Rekodi ilipoisha mkufunzi aliniuliza swali moja tu: "Yule binti alipokosea pasi mara ya tatu, alijua amekosea nini, au alijua tu kwamba umekasirika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimecheza mpira zaidi ya miaka kumi, nimevaa kitambaa cha unahodha, nimefanyiwa upasuaji wa goti, na nimekuja kwenye kozi ile ya leseni nikiamini kwamba sehemu ngumu nimeshaimaliza. Nilidhani kufundisha ni kuwaambia wengine yale ambayo miguu yangu inayajua. Leo, baada ya kuishi na kazi hii kwa miaka kadhaa, nataka kueleza jinsi nilivyofika pale, na kwa nini lile swali bado naingia nalo kila mazoezi. Naandika zaidi kwa ajili ya wasichana wanaocheza sasa na ambao moyoni wanajua kwamba siku moja watatamani kukaa upande wa pili wa mstari.

Nilianza nikiwa na miaka 11. Shuleni hapakuwa na timu ya wasichana. Palikuwa na wavulana waliopungukiwa mtu mmoja. Wakaniweka golini, halafu siku moja beki wao akaumia, nikasogezwa mbele, na sikurudi tena golini. Viatu nilivyopewa vilikuwa vikubwa, nikavijaza vitambaa kwenye vidole. Jezi ilinifika magotini. Hayo sikuyahesabu kama shida, kwa sababu nilikuwa na mpira mguuni.

Miaka miwili baadaye alikuja mwalimu wa kike wa hisabati akasema anaanzisha timu ya wasichana. Hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, na alitwambia hivyo siku ya kwanza, bila kuzunguka. Alichokuwa nacho ni daftari. Wakati wa mechi alisimama karibu na kona, akachora uwanja, na kwa kila mmoja wetu akaweka alama mahali aliposimama pale mpira ulipokuwa mbali naye. Hakuandika nani kafunga. Baada ya mechi alikuita, akakuonyesha vidoti vyako, akauliza: "Mpira ulikuwa kule. Wewe ulikuwa unafanya nini huku?"

Swali lile lilinitesa. Nilikuwa kiungo, na nilijiona hodari kwa sababu niliweza kumpokonya mtu mpira na kutoa pasi ndefu. Yeye alinionyesha kwamba vidoti vyangu vyote vimerundikana sehemu moja, kwamba nilikuwa naufuata mpira kama kifaranga anavyomfuata mama yake, na nyuma yangu kuna uwanja mtupu. Ukifikiri vizuri, katika dakika 90 mchezaji mmoja anakuwa na mpira mguuni kwa dakika chache mno. Muda uliobaki wote anatembea, anakimbia, anatazama, anachagua pa kusimama. Mwalimu yule ambaye hakujua hata kupiga danadana ndiye aliyenifundisha sehemu kubwa zaidi ya mchezo. Na alinifundisha kwa kuuliza, akisubiri jibu hata likichelewa. Nilikuja kuyaelewa hayo baadaye sana, wakati nilipokuwa nimeshaharibu baadhi ya mambo.

Kipindi cha klabu nitakipitia haraka. Kilikuwa kizuri na kilikuwa kigumu. Tulifanya mazoezi usiku kwa sababu kiwanja mchana kilikuwa cha timu za wanaume, na mchana wengi wetu tulikuwa na kazi nyingine. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini bila kuusoma, na nilipougua ndipo nilipogundua kwamba ndani yake hakuna neno lolote kuhusu matibabu. Dada yangu unayecheza, soma mkataba. Mtafute mtu anayeelewa akusomee. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu haitakiwi kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba. Kuna wachezaji wanaoachana na mpira wakiwa hawajui kwamba haki hiyo ipo.

Kisha goti. Niliruka kugombea mpira wa juu, hakuna aliyenigusa, na nilipotua goti la kushoto likaingia ndani. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Ilikuwa ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo wanamichezo huiita kwa herufi zake tatu, ACL. Wachezaji wa kike hupata jeraha hili mara kadhaa zaidi ya wenzao wa kiume, na sababu zinazotajwa ni nyingi: namna tunavyotua, udhaifu wa misuli ya nyuma ya paja, viwanja vibovu, na mazoezi ya nguvu ambayo wasichana wengi hawapewi wakiwa wadogo. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa kuwa liko mikononi mwetu. Kuna utaratibu wa kupasha misuli moto uitwao FIFA 11+, wa dakika kama 20, usiohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya zaidi kwa karibu nusu. Katika miaka yangu yote ya kucheza hakuna aliyewahi kunionyesha zoezi hata moja kati ya yale. Timu ninayoifundisha haigusi mpira wa ushindani kabla ya kuyamaliza, mvua inyeshe, jua liwake, tuwe tumechelewa au hatujachelewa.

Nilikaa nje miezi mingi. Kocha wetu wa wakati huo, badala ya kuniacha nyumbani, alinipa kiti pembeni yake kwenye benchi na karatasi. Mechi ya tatu nikaona kitu. Beki wao wa kulia, kila mpira ulipohamia upande wa pili wa uwanja, aligeuza kichwa kuufuata, na mgongo wake ukabaki wazi kwa sekunde mbili au tatu. Nikamwambia kocha. Akasema, "Mwambie winga mwenyewe."

Wakati wa mapumziko nikamshika winga mkono, nikaanza. Nikamweleza mwili wa beki umeelekea wapi, kiungo wao anachelewa vipi kumfunika, pasi itoke mguu upi, akimbie kwa pembe ipi. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka machoni, chupa ya maji mkononi. Aliniangalia mpaka nikamaliza, halafu akauliza, "Kwa hiyo nifanye nini?"

Nikameza mate. "Akigeuza kichwa, kimbia."

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda. Dakika ya 60 na kitu mpira ukahamia kushoto kwao, beki akageuza kichwa, winga akaondoka, na pasi ilipofika alikuwa peke yake na kipa. Nililia pale benchi, na watu walidhani ni kwa sababu ya goti. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimefunga bao bila kusimama. Jioni ile niliamua kwamba nitakuwa kocha.

Ila angalia jinsi mtu anavyoweza kupewa somo mkononi na asilione. Winga alihitaji maneno matatu, nami nilikuwa nimempa hotuba. Nilibaki na furaha ya bao, nikasahau maneno matatu.

Ngazi za leseni hutofautiana kidogo kutoka bara hadi bara, lakini kwa kawaida unaanzia D au C, unapanda B, kisha A, na juu kabisa Pro. Nilipoingia kozi ya kwanza tulikuwa wanawake wawili. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja alinipa koni nizipange, akiamini nimekuja kusaidia. Nilizipanga, kisha nikaingia katikati na kuongoza zoezi langu. Sikutaka kugombana naye, nilitaka aone. Lakini usiku nilijua kwamba uchovu niliokuwa nao haukutokana na kukimbia.

Baada ya leseni hiyo nikapewa timu ya wasichana wa chini ya miaka 15. Humo alikuwamo kiungo mmoja aliyenikumbusha mimi mwenyewe, isipokuwa yeye alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho: kabla ya kupokea mpira aliangalia nyuma ya bega, mara mbili, kila mara, bila kufundishwa. Nilimpenda kupita kiasi. Nilitaka awe mkubwa haraka. Kila mechi nilikuwa kwenye mstari nikimwelekeza kila hatua, kila pasi, kila mgeuko. Msimu ukaenda, na taratibu niliona ameacha kuangalia nyuma ya bega. Nikapandisha sauti zaidi. Mwisho wa msimu hakurudi. Nikawaambia watu kwamba ni masomo, ni wazazi, mabinti wa umri ule ndivyo walivyo.

Ndipo nikaenda kozi ya B, ndipo ikachezwa ile rekodi.

Niliporudi nilikwenda kumtafuta. Mama yake alinikaribisha, akatuachia nafasi. Binti alikaa mbele yangu akichezea uzi wa mkono wa sweta, akiuvuta na kuuzungusha kidoleni. Nikamwuliza kwa nini aliacha, na safari hii nikanyamaza mpaka ajibu. Ilichukua muda. Akasema, "Kocha, nikiwa uwanjani nilikuwa nasikia sauti yako tu. Mpira nilikuwa siusikii."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza, kama mtu anavyomweleza daktari panapouma. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kosa lilikuwa langu na kwamba kipaji chake hakina tatizo. Hakurudi kucheza. Wakati mwingine huja kututazama, anakaa peke yake upande wa mbali, na tunasalimiana kwa kuinua mkono.

Sijui kama kuna kitu nimewahi kulipia ghali zaidi ya hicho katika kazi hii. Tangu siku ile nilianza upya. Kabla ya mazoezi naandika maswali mawili nitakayowauliza wachezaji, kama mwalimu wangu wa hisabati. Zoezi nalisimamisha mara chache, na nikilisimamisha nauliza kwanza: "Umeona nini?" Swali la "Kwa nini umefanya vile?" nimeliacha, maana mtoto akiulizwa kwa nini anasikia lawama, akiulizwa ameona nini, anafungua macho. Kabla ya mechi tunakubaliana maneno matatu tu ambayo nina ruhusa ya kuyapaza kutoka kwenye mstari. Wao ndio wanaoyachagua. Mapumziko yanapoanza, dakika tatu za mwanzo ni zao. Mimi nakunywa maji na kusikiliza. Mara nyingi wanataja lilelile nililotaka kulisema, kwa maneno mafupi kuliko yangu. Mara nyingine wanataja kitu ambacho sikukiona kabisa, kwa sababu kutoka kwenye mstari huwezi kusikia mpinzani anavyohema.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kama kurudi kutoka kwenye jeraha. Nilikuwa naweka mikono mfukoni na kushika kokoto. Kila nilipotaka kupiga kelele niliibana, nikasubiri pasi inayofuata. Tulipoteza mechi tatu mfululizo. Kiongozi mmoja wa timu alinifuata kuniuliza mbona siku hizi sionekani kama nina uchungu na timu. Nilimjibu kwamba uchungu ninao, ila siupigi kelele tena. Sidhani kama aliridhika. Nilipata usingizi mdogo mwezi ule.

Jambo jingine nililojifunza linahusu miili yetu, na naliandika waziwazi kwa sababu mimi sikuambiwa waziwazi. Shuleni timu yetu ilipewa kaptura nyeupe. Kila mwezi kulikuwa na msichana aliyesema anaumwa tumbo siku ya mechi, na wote tulijua anaogopa nini. Mwaka 2023 timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza iliachana na kaptura nyeupe ikavaa za bluu, baada ya wachezaji wenyewe kusema. Wachezaji wa kiwango kile, na bado ilibidi waseme! Nilipopewa nafasi ya kuchagua jezi, nilichagua kaptura nyeusi kabla hata ya kufikiria rangi ya fulana. Kwenye mfuko wetu wa huduma ya kwanza pedi zinakaa juu kabisa, pembeni ya bandeji, na mtu anachukua bila kuomba.

Watu huniuliza kwa nini makocha wanawake ni wachache hata kwenye soka la wanawake lenyewe. Katika Kombe la Dunia la 2023 lililochezwa Australia na New Zealand, kati ya makocha wakuu 32 wanawake walikuwa 12, na kufikia nusu fainali alikuwa amebaki mmoja, Sarina Wiegman, kocha wa Uingereza. Nikijibu, narudi nyuma kidogo. Desemba 1920 watu wapatao 53,000 walijaa Goodison Park mjini Liverpool kutazama mechi ya wanawake. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikapiga marufuku mechi za wanawake kwenye viwanja vya wanachama wake, na marufuku ile ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ujerumani Magharibi ilikuwa na yake kuanzia 1955 hadi 1970, na Brazil kuanzia 1941 hadi 1979. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilichezwa China mwaka 1991, timu 12, na mechi zilikuwa za dakika 80. Asiyeruhusiwa kucheza haingii kozi ya ukocha. Na asiyemwona mwanamke mwenzake kwenye mstari hafikirii kwamba pale panaweza kuwa pake. Bibi zetu walikatiwa njia, na sisi tunaitafuta ilipokatikia.

Ndiyo maana majina fulani nayataja mbele ya wachezaji wangu kwa makusudi. Florence Omagbemi, aliyekuwa nahodha wa Nigeria, akarudi kama kocha na kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2016. Desiree Ellis, nahodha wa zamani wa Afrika Kusini, aliyeiongoza nchi yake kulichukua kombe hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Emma Hayes, ambaye ndoto yake ya kucheza ilikatishwa na jeraha la kifundo cha mguu akiwa bado binti mdogo, na mwaka 2024 akaipa Marekani dhahabu ya Olimpiki mjini Paris. Wiegman mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Nikilifikia hilo huwa naona mabinti wananyanyua vichwa, kwa sababu mwalimu wa michezo ni mtu wanayemjua.

Leo nina leseni ya A na mkataba wa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya kulipwa. Nilianza pale kama kocha msaidizi, nikikata video usiku na kuhesabu hatua za mabeki, na ule msimu wa kukata video ulinifundisha zaidi ya kozi yoyote, kwa sababu kwenye video huwezi kumpigia mtu kelele. Unatazama tu. Unamrudisha nyuma mara nane mpaka unaelewa kwamba lile uliloliita uzembe lilikuwa ni mtu aliyeona nafasi ambayo wewe hukuiona.

Juzi tulikuwa mbele kwa bao moja, zimebaki dakika nne. Mpira ukaenda upande wetu wa kushoto, beki wetu akapanda kuukaba, na nyuma yake pakafunguka uwanja mtupu. Nililiona pengo lile mwili mzima. Mdomo ulishafunguka. Lakini kiungo wangu, binti wa miaka 19, alikuwa ameshageuza shingo, mara moja, mara mbili, akanyoosha mkono kumwita beki wa kati asogee, na yeye mwenyewe akakimbia kurudi kuziba. Krosi ikamgonga pajani ikatoka. Mpira wa kurusha.

Kocha msaidizi akainama kuniuliza kama tumtoe, maana amechoka. Nikamwambia tusubiri kidogo, nataka kuona atakachofanya na mpira unaofuata.